Mpiga Kura Aliyekata Tamaa na Uzani wa Vyama: Msambweni Kuelekea Agosti 2027

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Munje, Kaunti ya Kwale



Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya utafanyika Jumanne tarehe 10 Agosti 2027. Katika eneobunge la Msambweni wako wapiga kura wengi ambao majina yao yamo kwenye daftari lakini hamu ya kupiga kura imewatoka. Mtu wa aina hiyo si mjinga wala si mvivu. Amepanga foleni uchaguzi baada ya uchaguzi, ameona chama alichokichagua kikikaa meza moja na kile alichokikataa, ameona waheshimiwa wakibadili kofia, na sasa anauliza kama vyama vina tofauti yoyote. Mhadhara huu unakusudia kulijibu swali hilo kwa uzito unaolistahili: uchovu huo umetoka wapi, na chama kipimwe kwa kitu gani pindi jina lake na rangi zake zisipotosha tena kuwa kipimo. Hakuna chama kitakachopigiwa debe hapa, wala hakuna kitakachotukanwa.

Hoja ya kwanza: Uchovu huu una historia

Pwani ilianza kuona vyama vyake vikimezwa kabla wengi wa waliohudhuria hawajazaliwa. KADU, chama cha Ronald Ngala kilichoundwa mwaka 1960 na kusimamia serikali za majimbo, kilivunjwa Novemba 1964 na wabunge wake wakahamia KANU. Wapiga kura waliokiunga mkono mwaka uliotangulia hawakuulizwa. Ikafuata enzi ya chama kimoja, na mlango wa vyama vingi haukufunguliwa tena hadi Desemba 1991, kifungu cha 2A, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilipofutwa katika katiba ya wakati huo.

Majaribio mengine yalifuata. Mwaka 1992 chama cha IPK (Islamic Party of Kenya), kilichokuwa na wafuasi wengi Mombasa, kilinyimwa usajili kwa hoja kwamba ni cha kidini. Mwaka 1997 Shirikisho Party of Kenya, kilichorudisha wito wa majimbo, kilipata kiti kimoja tu nchini, cha Likoni, kilichochukuliwa na Suleiman Shakombo. Uchaguzi huo ulifanyika miezi minne tu baada ya ghasia za Likoni na Kaya Bombo za Agosti 1997, na walioyahama makazi yao wakati ule bado wanakumbuka kwamba siasa za pwani ya kusini zimewahi kugharimu roho za watu. Mwaka 2002 muungano wa NARC uliingia madarakani juu ya mkataba wa maelewano baina ya washirika wake, na mkataba huo ukavunjika mapema. Kura ya maoni ya 21 Novemba 2005 kuhusu rasimu ya katiba ikawapa Wakenya uchaguzi wa ndizi (ndiyo) au chungwa (hapana). Pwani ilichagua chungwa, na katika chungwa hilo kikazaliwa chama cha ODM.

Wasikilizaji watakumbuka jinsi wito wa "chama chetu wenyewe" unavyorudi kila uchaguzi unapokaribia. Wito huo unaeleweka, lakini Katiba ya 2010 imeuwekea mpaka. Ibara ya 91 inataka kila chama kiwe na sura ya taifa, na inakataza chama kuundwa kwa msingi wa dini, lugha, rangi, kabila, jinsia au eneo. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 inaongeza sharti la wanachama wasiopungua 1,000 waliosajiliwa kuwa wapiga kura katika kila kaunti, katika zaidi ya nusu ya kaunti zote 47. Kwa hiyo hata chama chenye makao yake Pwani, kama Pamoja African Alliance kilichohusishwa na Amason Kingi alipokuwa gavana wa Kilifi, hulazimika kutafuta wenzi mahali pengine. Mwaka 2022 chama hicho kilianza safari ndani ya Azimio la Umoja, kikahamia Kenya Kwanza mwezi Mei kabla ya kura, na baada ya kura Kingi akawa Spika wa Seneti.

Yaliyofuata hayahitaji kusimuliwa kwa urefu. Tarehe 9 Machi 2018 handisheki ya Uhuru Kenyatta na Raila Odinga iliwaleta pamoja watu waliokuwa wameitana maadui miezi michache tu nyuma. Baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, vigogo wa ODM waliingia katika baraza la mawaziri la Rais William Ruto, akiwemo Hassan Joho wa Mombasa. Tarehe 7 Machi 2025 UDA, chama cha Ruto, na ODM zilitia sahihi mkataba wa maelewano wenye vipengele kumi. Tarehe 15 Oktoba 2025 Raila Odinga alifariki dunia nchini India, na chama ambacho wengi wa Pwani walikijua kupitia uso wake kikabaki na swali la wazi ndani mwake: kuingia 2027 bega kwa bega na UDA, au kusimama peke yake.

Mpiga kura anayesema kwamba kura yake ya upinzani ya mwaka 2022 iliishia serikalini bila ya ridhaa yake anaeleza jambo lililotokea. Atakayemjibu lazima aanzie hapo, si kwa kumkemea.

Hoja ya pili: Kwale imekwisha kuacha kupiga kura kwa jina la chama

Ipo imani kwamba mpiga kura wa pwani ya kusini hufuata chama kama kondoo. Matokeo ya chaguzi tatu zilizopita yanasema vingine.

Mwaka 2013 ODM kilikomba viti vikuu vya kaunti: Salim Mvurya ugavana, Boy Juma Boy useneta, Zainab Chidzuga uwakilishi wa wanawake, na Suleiman Dori ubunge wa Msambweni. Mwaka 2017 Mvurya aligombea tena, safari hii kwa tikiti ya Jubilee, akashinda. Lakini siku hiyohiyo, katika foleni zilezile, Kwale ilimpa Raila Odinga kura nyingi za urais, ikamchagua Issa Juma Boy wa ODM kuwa seneta, Zuleikha Hassan wa ODM kuwa mwakilishi wa wanawake, na Msambweni ikamrudisha Dori kwa tikiti ya ODM. Mwaka 2022 mambo yalijirudia kwa namna mpya. Raila aliongoza Kwale katika urais. Fatuma Achani wa UDA, aliyekuwa naibu wa Mvurya, akawa gavana. Issa Juma Boy na Fatuma Masito wakachukua useneta na uwakilishi wa wanawake kwa ODM. Msambweni ikamchagua Feisal Bader wa UDA kuwa mbunge. Mtu anayeshika karatasi sita za kura na kuzigawa hivyo hachagui kwa mazoea. Anapima kila kiti peke yake.

Kati ya uchaguzi wa 2017 na ule wa 2022 kuna tukio linalostahili kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa kuwa lilitokea hapahapa. Dori alifariki Machi 2020. Uchaguzi mdogo ulicheleweshwa na janga la korona hadi 15 Desemba 2020. Kwa sababu ya handisheki, Jubilee, kilichokuwa chama tawala, kilitangaza kwamba hakitasimamisha mgombea, kikamwachia njia Omar Boga wa ODM. Vyama viwili vikubwa zaidi nchini vikawa upande mmoja. Upande wa pili alisimama Feisal Bader, mgombea huru, akiungwa mkono na Gavana Mvurya na Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto. Bader alipata kura 15,251 na Boga 10,444. Karibu kura 5,000 za tofauti, katika eneo lililohesabiwa kuwa ngome ya ODM, zilikuwa ujumbe kwa viongozi wa vyama kwamba makubaliano ya Nairobi hayahamishi kura za Ukunda, Diani, Kinondo na Ramisi bila ya wenyewe kukubali.

Hapa ndipo uchambuzi unapopaswa kwenda mbele ya sherehe. Mgombea huru yule hakubaki huru; mwaka 2022 aliingia kinyang'anyiro kwa tikiti ya UDA, na akashinda. Hilo si kosa mbele ya sheria, na waliomchagua mara ya pili walijua chama chake. Lakini linaonyesha kwamba kuadhibu chama ni kitendo cha siku moja, na Bunge hukaa miaka mitano. Ndani ya Bunge lenye wabunge 349 wanaopiga kura, nafasi za kamati na muda wa kusema hugawanywa kwa mirengo. Mgombea huru hujikuta akitafuta kivuli, na kivuli kilichopo ni cha vyama. Mpiga kura wa Msambweni amejifunza vizuri kumpima mtu. Kazi iliyosalia ni kukipima chombo kinachombeba mtu huyo.

Hoja ya tatu: Chama hupimwa kwenye daftari lake na mchujo wake

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za leo, na wasikilizaji wanaombwa subira.

Wapiga kura wengi hudhani uamuzi wao huanza siku ya kura. Katika maeneo ambayo chama kimoja kina nguvu, uamuzi huwa umefanyika miezi minne nyuma, katika mchujo. Atakayekosa kuwa na sauti huko hupokea karatasi yenye majina yaliyochujwa na wengine, kisha hulaumu karatasi.

Sheria inasemaje kuhusu mchujo? Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2022 yametambua njia mbili: uteuzi wa moja kwa moja, ambapo wanachama waliosajiliwa wa chama hupiga kura, na uteuzi usio wa moja kwa moja, ambapo wajumbe huchagua kwa niaba yao. Katika mazoea iko pia njia ya "makubaliano," ambapo wagombea huketi na viongozi, wengine wakashawishika kujiondoa, na tikiti ikatolewa. Njia hizi tatu hazina uzito sawa. Ya kwanza humpa mwanachama wa Munje kura. Ya pili humpa kura mjumbe ambaye mwanachama wa Munje pengine hajawahi kumwona. Ya tatu humpa mwanachama taarifa baada ya shughuli kumalizika.

Kigezo cha kwanza cha kupimia chama, basi, ni hiki: wadi hii ilipataje mgombea wake mwaka 2022, na itampataje mwaka 2027? Chama kinachoshindwa kujibu swali hilo kwa sentensi mbili hakijafikia hatua ya kuombewa kura.

Kigezo cha pili ni daftari la wanachama. Juni 2021 Ofisi ya Msajili wa Vyama vya Siasa iliwawezesha Wakenya kuangalia uanachama wao kupitia eCitizen, na nchi nzima ikataharuki. Mtu alifungua simu, akaingiza nambari ya kitambulisho, akajikuta ni mwanachama wa chama ambacho hajawahi kuhudhuria hata mkutano wake mmoja. Wengine walikuta wamo katika vyama wanavyovipinga. Watu walijiuliza nambari zao za vitambulisho zilitoka wapi, na jibu halikuwa mbali: kila siku kitambulisho cha Mkenya huandikwa katika madaftari ya milangoni, ya mawakala wa pesa kwa simu, ya mikutano ya misaada na ya basari.

Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Kwanza, vyama vilihesabiwa kuwa na wanachama wa kutosha katika kaunti ilhali wenye majina hawana habari. Pili, sheria hairuhusu mtu kuwa mwanachama wa vyama viwili kwa wakati mmoja, kwa hiyo aliyeandikwa bila kujua huzuiwa penye mchujo wa chama anachokitaka. Tatu, na hili liwafikie vijana wanaofikiria kugombea, Ibara ya 85 inamtaka mgombea huru awe hajawa mwanachama wa chama chochote kwa muda wa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Jina lililoandikwa kisirisiri linaweza kugeuka pingamizi mbele ya msimamizi wa uchaguzi.

Dawa yake ni nyepesi na iko mikononi mwa kila mwenye kitambulisho. Mtu aangalie hali yake ya uanachama sasa, akiwa na utulivu, si wiki ya mchujo. Akikuta ameandikwa asikotaka, sheria inamruhusu kujiondoa kwa taarifa ya maandishi. Akiamua kujiunga na chama, ajiunge kwa kutaka, ashike ushahidi wake, na aingie mchujoni. Chama kinachowaandikisha watu bila ridhaa yao kimekwisha kuonyesha kitakavyowatendea kikishika serikali. Ushahidi huo una nguvu kuliko manifesto yoyote, kwa sababu ni kitendo.

Pana swali ambalo huulizwa vikaoni kama hapa: je, mtu aliyevunjwa moyo na vyama vyote kwa nini ajiunge na kimoja? Jibu ni kwamba kujiunga si kuapa utii wa maisha. Mchujo wa chama chenye nguvu katika wadi huamuliwa na watu wachache kuliko uchaguzi wenyewe. Katika kundi dogo, sauti za familia ishirini zilizokubaliana zina uzito ambao hazitaupata tena siku ya Agosti.

Hoja ya nne: Kura huzaa pesa na amri

Katiba na sheria zimeunda Hazina ya Vyama vya Siasa, inayopaswa kupata si chini ya asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Sehemu kubwa ya fedha hizo hugawanywa kwa kufuata wingi wa kura ambazo chama kilipata katika uchaguzi uliopita, na hesabu haiishii kwenye urais. Kura za mwakilishi wadi nazo zimo. Sheria inakitaka pia chama kitumie si chini ya asilimia 30 ya fedha hizo kukuza uwakilishi wa wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na makundi mengine yaliyoachwa nyuma. Akina mama wa Msambweni wana haki kamili ya kuuliza asilimia hiyo ilifanya nini Kwale.

Upande wa amri, mfano ulio hai ni wa 25 Juni 2024. Siku ambayo vijana walivamia majengo ya Bunge, wabunge 195 waliupitisha Mswada wa Fedha na 106 wakaukataa. Viranja wa vyama walikuwa wamefanya kazi yao. Rais aliurudisha mswada huo bila ya kuutia sahihi baada ya damu kumwagika. Orodha ya majina ya waliopiga kura, na upande wa kila mmoja, iko katika kumbukumbu za Bunge. Mpiga kura anayepima mgombea anayetetea kiti aanzie kwenye kumbukumbu hizo kabla ya kusikiliza wimbo wa kampeni, kisha aulize kama chama kilimwacha mbunge wake asikilize eneo lake au kilimfunga mdomo.

Hoja ya tano: Kila lalamiko lina afisi yake

Hasira nyingi hupotea kwa kuelekezwa kusikohusika. Hospitali ya Msambweni, vyuo vya ufundi vya vijiji, shule za chekechea na barabara za ndani ni mzigo wa kaunti, kwa hiyo hupimwa kwenye kura ya gavana na ya mwakilishi wadi, anayepitisha bajeti na kuisimamia. Basari ya kaunti, ambayo Kwale iliifahamu kwa jina la Elimu ni Sasa, ni ya kaunti pia, ilhali ile ya hazina ya maendeleo ya maeneobunge, NG-CDF, imekuwa ikipitia kwa mbunge. Sheria za ardhi, madini na uvuvi katika bahari kuu ziko serikali ya kitaifa.

Suala la madini linafundisha zaidi. Mgodi wa Base Titanium huko Nguluku na Maumba ulianza uzalishaji mwishoni mwa 2013 na ukafunga kazi Desemba 2024. Sheria ya Madini ya 2016 iliamua mrabaha ugawanywe asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayoishi penye mgodi, na fungu hilo la jamii likawa mjadala wa miaka. Katika maisha ya mgodi huo, wizara inayosimamia madini iliwahi kushikwa na wanapwani wa mirengo tofauti, wakiwemo Najib Balala kuanzia 2013, Salim Mvurya wa UDA kuanzia 2022, na Hassan Joho wa ODM kuanzia 2024. Kuwa na mtu wa nyumbani wizarani, wa chama hiki au kile, hakukuliondoa swali la mrabaha vinywani mwa wanavijiji. Kwa hiyo chama kinachokuja na ahadi ya uwaziri kwa mtoto wa Pwani kiulizwe kitabadilisha kanuni gani, kwa hatua gani, na fedha zitapita katika akaunti ya nani. Waziri huondolewa kwa tangazo moja la jioni. Kanuni iliyoandikwa hudumu.

Miungano nayo ipimwe hapa. Mwaka 2022 ODM na Wiper zilikuwa ndani ya Azimio moja, lakini katika ugavana wa Kwale kila chama kilisimamisha mtu wake: Hamadi Boga kwa ODM na Chirau Mwakwere kwa Wiper. Muungano wa juu haukuwa muungano wa chini, na kura za mrengo mmoja zikagawanyika. Mkataba wa muungano huwekwa kwa Msajili wa Vyama. Kabla ya kuushangilia, mpiga kura aulize unasema nini kuhusu kaunti yake, na chama kimejiwekea mlango gani wa kutokea.

Hoja ya sita: Kukaa nyumbani

Mwaka 2013 asilimia 86 ya waliojiandikisha nchini walipiga kura. Mwaka 2017 walikaribia asilimia 80. Mwaka 2022 walishuka hadi takriban 65. Mombasa ikashika mkia nchini kwa mahudhurio yasiyofika nusu, na Kwale nayo ikawa chini ya wastani wa taifa. Wanaokaa nyumbani hueleza kwamba wametoa ujumbe. Lakini fomu ya matokeo haina safu ya ujumbe huo. Fomu 34A inayobandikwa kwenye mlango wa darasa baada ya kuhesabu kura za urais huonyesha waliojiandikisha, kura halali, kura zilizoharibika na kila mgombea alichopata. Tofauti ya waliojiandikisha na waliokuja ipo, ila haimnyimi mtu kiti. Zaidi ya hayo, wanasiasa husoma takwimu hizo. Eneo lenye mahudhurio madogo huhesabiwa kuwa la bei nafuu, kwa kuwa watu wachache wakisombwa kwa matatu wanatosha kuamua.

Waheshimiwa, mtu hawezi kuizungumzia kura katika Msambweni bila ya kuwataja Wamakonde. Mababu zao walitoka Msumbiji, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya Ramisi, wakazaa na kuzikana hapa, lakini kwa miongo mingi hawakuwa na vitambulisho vya Kenya. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia. Mwanzoni mwa 2017 wakaanza kupokea vitambulisho, na tarehe 8 Agosti mwaka huo wakapiga kura. Wapemba wa vijiji vya wavuvi vya pwani hii, kama Shimoni na Vanga, walisubiri hadi 2023 kutambuliwa rasmi kuwa jamii ya Kenya. Kwa wengi wao, tarehe 10 Agosti 2027 itakuwa mara ya kwanza kushika karatasi ya kura katika uchaguzi mkuu. Aliyechoka na aliyesubiri miaka sitini watapanga foleni moja. Aliyechoka ana kitu cha thamani cha kumpa mwenzake: kumbukumbu ya ahadi, nani alizitoa, mwaka gani, na zilifikia wapi.

Kati ya leo na siku ya kura

Muda uliobaki una tarehe zake. Tume ya uchaguzi, IEBC, iliyokaa bila makamishna tangu Januari 2023, ilipata mwenyekiti mpya, Erastus Ethekon, na makamishna wake Julai 2025, na uandikishaji wa wapiga kura umefunguliwa tena. Vijana waliotimiza miaka 18 baada ya Agosti 2022 ndio wa kwanza kufikiwa. Kwa sheria ilivyo, vyama vitatakiwa kukabidhi orodha za wanachama kwa tume si chini ya siku 120 kabla ya uchaguzi, yaani kabla ya katikati ya Aprili 2027. Asiyekuwemo katika orodha hiyo kwa wakati huo mchujo utampita. Anayetaka kugombea akiwa huru atapaswa awe ameachana na chama kabla ya tarehe 10 Mei, na awe na sahihi za wapiga kura 1,000 wa eneobunge kwa ubunge, au 500 wa wadi kwa uwakilishi wadi. Kampeni zitaishia katika majira ya kusi, bahari ikiwa chafu na mitumbwi midogo haitoki mbali, na vituo vitafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni.

Kabla ya hapo, viongozi wa matawi ya vyama vyote katika eneobunge hili wanaweza kualikwa mmoja baada ya mwingine, katika kikao kama hiki, kujibu maswali manne kwa maandishi: mgombea wa wadi atapatikana kwa njia ipi, nani anaruhusiwa kuliona daftari la wanachama wa hapa, fedha za chama zilifanya nini Kwale, na chama kikiingia katika muungano, wanachama wa Msambweni wataulizwa lini na kwa njia gani. Majibu yabandikwe msikitini, shuleni na bandarini, na nakala itunzwe hadi uchaguzi wa 2032.